Poe anastahili zaidi ya miraba mitatu

Anayejaza chemshabongo za magazeti ya Kiingereza hawezi kumkosa Edgar Allan Poe. Mshairi wa Marekani, herufi tatu: unaandika bila kufikiri. Jina ni fupi, irabu mbili, kwa hiyo mtunzi akibanwa kwenye kona humwita yeye. Kidokezo kitamtaja kunguru wa shairi lake la mwaka 1845, au timu ya Baltimore Ravens, iliyopata jina lake kutokana na shairi hilohilo. Halafu tunaruka nambari inayofuata.

Hilo linaniudhi, maana watunzi wa chemshabongo wana deni kwa mtu huyu. Chemshabongo ya kwanza ya Arthur Wynne ilitoka katika New York World tarehe 21 Desemba 1913. Lakini tangu Desemba 1839, Poe alikuwa akiwaita wasomaji wa gazeti moja la Philadelphia, Alexander's Weekly Messenger, wamletee maandishi ya siri ayafumbue. Barua zikamiminika. Mwaka 1843 hadithi yake The Gold-Bug, ambamo hazina inapatikana kwa kufumbua maandishi ya namna hiyo, ilimpatia zawadi ya dola 100.

Linalonivutia zaidi ni shairi aliloliandika mwaka 1846 kwa ajili ya Siku ya Wapendanao. Jina la mshairi mwenzake, Frances Sargent Osgood, limo ndani, ila halionekani. Chukua herufi ya kwanza ya mstari wa kwanza, ya pili ya mstari wa pili, ya tatu ya mstari wa tatu, mpaka ya ishirini ya mstari wa ishirini. Jina linashuka kwa mshazari. Na mizani haikuyumba, wala vina! Mwanzoni Poe alikosea tahajia ya jina la kati, akalazimika kulifanyia kazi upya, kwani herufi moja ikizidi, zote zinazofuata zinahama nafasi.

Wapo wanaosema huo ni mchezo, si ushairi. Nakataa kabisa. Mshairi wetu wa pwani alitunga shairi la Dura Mandhuma kwa kufuata mpangilio wa herufi za Kiarabu, na hakuna anayethubutu kuliita mchezo wa watoto. Sharti gumu humlazimisha mshairi kulipima kila neno. Poe alikuwa akilipima huku mkewe Virginia akidhoofika kwa kifua kikuu, ugonjwa uliomuua Januari 1847.

Ombi langu kwa wahariri wa kurasa za chemshabongo ni dogo. Poe alifariki mwaka 1849. Shairi hilo halina hakimiliki tena. Lichapisheni lote Februari ijayo, chini yake mchore miraba 20 mitupu, na msitoe kidokezo chochote zaidi ya kusema kuna jina la mtu humo ndani.