Basi la Shule Kuwa Nyumba? Anza na Logbook

Kugeuza basi kuukuu la shule kuwa nyumba ya kuzunguka nayo Kenya nzima ni wazo poa, na hatukwambii uliache. Kitanda, jiko la gesi, sola kwenye paa: fundi mzuri ataweka vyote. Lakini kwa maoni yetu, shilingi ya kwanza isiende kwa fundi wala kwa muuzaji. Lipia kwanza rekodi za gari hilo za NTSA kupitia eCitizen.

Kwa nini? Shule nyingi hununua mabasi kwa mkopo, na jina la benki hukaa kwenye logbook mpaka deni liishe. Ukituma deposit bila kujua hilo, unaweza kujikuta umejenga nyumba ndani ya mali ya benki. Siku ya mnada utashushwa na godoro lako.

Utaambiwa, "Kuna mteja mwingine anakuja jioni." Wacha aje. Pesa hutumwa kwa sekunde chache, lakini zikishatolewa, kuzirudisha ni kazi ngumu. Muuzaji mwenye karatasi safi atakungoja siku mbili. Asiyeweza kungoja, abaki na basi lake.