Jina langu la tatu si jina

Wiki hii naomba mavazi na muziki tuviweke kando kidogo. Kila wiki nawacheka wenzangu humu, sasa zamu hii aliyeumbuka ni mimi mwenyewe, kwa hiyo kaa mkao wa kula nikupe mkanda mzima.

Mwezi uliopita tulipeleka posa Temeke. Nilinyoa, nikavaa kanzu ya kuazima, mshenga wangu akatangulia na bahasha. Barua ikasomwa, wazee wakaitikia, mambo yakawa yanakwenda mswano. Halafu babu mdogo wa mchumba wangu, mzee mzaliwa wa huko huko Rufiji kwetu, akavua miwani.

"Kijana, hapa umeandika Boriti. Ndiye nani huyu?"

"Ni jina la ukoo wetu, babu."

Mzee alicheka mpaka akakohoa. "Boriti si jina, mjukuu wangu. Boriti ni mti wa kubebea dari. Hiyo ni kazi ya mtu. Mwenyewe aliitwa nani? Kaulize kwenu. Ukipata, rudi, barua yako tutakutunzia."

Nilichoka! Jina lenyewe liko kwenye cheti changu cha kidato cha nne, kwenye kitambulisho, mpaka kwenye laini ya simu. Na kama umekulia pwani, unajua swali lile lina mkia. Utumwa Tanganyika ulipigwa marufuku kwa sheria mwaka 1922, lakini mtu asiyejua jina la babu yake mpaka leo watu wanamkonyezea. Mzee hakulitamka hilo neno. Ila shangazi mmoja pale kwenye mkeka aliangalia pembeni, nikajua mambo yameiva.

Baba ndiye angenijibu, lakini alitangulia mbele ya haki nikiwa darasa la tano. Basi kijana wa mjini nikakimbilia intaneti. Hapo ndo nikakutana na maajabu ya Waingereza. Jamaa anatafuta babu wa babu yake, kibarua wa kulima shamba la mtu kijijini huko, fukara wa kutupwa, na anampata! Manake makanisa ya Uingereza yaliamriwa tangu mwaka 1538 kuandika kila anayebatizwa, anayeoa na anayezikwa. Halafu ikaja sensa ya mwaka 1841, karani akapita nyumba kwa nyumba na kuandika majina. Vibarua wa mashamba walikuwa wengi mno, mpaka makarani wakaruhusiwa kufupisha kazi yao kwa herufi chache tu. Yaani kazi ndiyo iliyokatwa, jina likabaki zima.

Mimi nikaandika "Boriti, Rufiji". Nikaletewa bei za nguzo.

Jumamosi alfajiri nikapanda basi Mbagala Rangi Tatu hadi Kibiti, kwa bibi mzaa baba. Nilimkuta barazani anasuka ukili.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mume wangu. Umekonda. Huko Dar hawakupi chakula?"

Nikala kwanza, wali na samaki wa nazi, maana kwa bibi huulizi kitu na njaa. Baadaye nikamwaga hoja. Bibi akanyamaza, ukili ukasimama mkononi. Kisha akaanza kunieleza habari za Boriti kama vile alimuona jana.

Boriti alikuwa baba mkwe wake. Kazi yake kukata mikoko kule Salale, ndani kabisa ya delta. Msomaji wa Sinza usifikiri mikoko ni vichaka vya kupigia picha. Delta ya Rufiji ina kama hekta 53,000 za mikoko, ni msitu wa mikoko mkubwa kuliko wowote pwani hii ya Afrika Mashariki. Serikali ya Mjerumani ilianza kuusimamia mwaka 1898. Mtu anaingia maji yakipwa, tope magotini, shoka begani, mbu kama mvua. Anakata, anabeba, anapanga kwenye mtumbwi, anasubiri maji yajae ndipo atoke kwenda jahazini. Miti inapangwa kwa unene: fito, pau, mazio, boriti, nguzo. Inahesabiwa kwa korija, miti ishirini ishirini. Majahazi ya Arabuni yalikuja na kaskazi na kurudi na kusi yamejaa miti ya kujengea nyumba, kwa kuwa kwao miti ya namna hiyo haipo. Mwaka 1939 Mwaustralia mmoja, Alan Villiers, aliingia delta akiwa ndani ya jahazi la Kuwait lililofuata miti hiyo, akayaandika kwenye kitabu. Nahodha wa jahazi lile anajulikana mpaka leo kwa jina lake na la baba yake: Ali bin Nasr al-Nejdi. Wa kwetu akabaki na jina la mzigo.

"Alizaliwa lini, bibi?"

"Mwaka wa manowari alikuwa tayari ameota ndevu."

Hiyo ndiyo kalenda ya bibi, na usiidharau. Manowari ni ile Königsberg ya Wajerumani iliyojificha kwenye mikono ya Rufiji mwishoni mwa 1914, Waingereza wakaisaka mpaka ikazama tarehe 11 Julai 1915. Mizinga yake kumi Wajerumani wakaiopoa, ikavutwa nchi kavu kwa nguvu za watu. Kama alikuwa na ndevu wakati ule, basi alizaliwa karibu na mwaka 1897. Nilijiona mpelelezi kweli kweli.

Kumbe alikuwa na kaka yake. Bibi alisema kwa sauti ya chini, "Kaka mtu alichukuliwa kariakoo, hakurudi." Mimi nikadhani alikwenda sokoni! Hapana. Kariakoo ni Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Mwingereza, na mtaa wetu wa Kariakoo ulipata jina kutokana na kambi yao. Kila siku nashuka pale kununua vocha na soksi, sijawahi kufikiria kuwa kuna mtu wetu ndani ya lile jina.

Hilo lilinikaa rohoni. Pale Posta, Sanamu ya Askari iliyozinduliwa mwaka 1927 ina maandishi ya Kiswahili yanayoahidi kwamba ukifa kwa ajili ya nchi yako, wanao watalikumbuka jina lako. Wanao watalikumbuka vipi wakati aliyeweka ahadi hakuliandika? Frederick Selous, Mwingereza aliyepigwa risasi Beho Beho Januari 1917, kaburi lake lipo mpaka leo na bamba lenye jina, huko huko bonde la Rufiji. Mwaka 2021 tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti na kuomba radhi: watu wasiopungua 116,000, pengine hata 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuandikwa majina yao popote, au hawakukumbukwa kabisa. Kaka wa Boriti nadhani ni mmoja wao.

Nikarudi kwenye shida yangu. "Sasa bibi, huyo Boriti jina lake halisi nani?"

Bibi akaniangalia kama nimemtukana. "Wewe mtoto! Jina la mkwe nalitajaje mimi?"

Unaona kazi hiyo? Miaka zaidi ya sitini tangu aolewe, hajawahi kulitia kinywani jina la baba mkwe wake. Alimuita "Baba" mpaka anamzika. Na mtu pekee aliyebaki hai anayemkumbuka yule mzee ni yeye!

Nikauliza kama kuna karatasi. Zilikuwepo. Stakabadhi za kodi, zimefungwa kwenye kitambaa ndani ya kasha. Lakini familia ilikuwa imehamia bondeni kulima mpunga, mafuriko ya 1968 yakabeba kasha na kila kitu, na mwaka 1969 ikaja Operesheni Rufiji, watu wakahamishwa kutoka bondeni kwenda vijiji vya ujamaa vya juu. Makaburi yakabaki kule. Familia ikahangaika mpaka ikatua Kibiti.

"Na hili la Boriti lilifikaje shuleni?"

Bibi akacheka kwa aibu, akajifunika mtandio. Mwaka 1974 ndiye aliyempeleka baba yangu kuandikishwa darasa la kwanza, mume wake akiwa safarini. Mwalimu akauliza jina la mtoto, la baba, la babu. Bibi akakwama. Foleni ndefu nyuma yake, mwalimu kalamu mkononi. Jina la mkwe halitajiki mbele za watu. Basi akasema lile la utani ambalo wakata mikoko wenzake walimpa: Boriti. Mwalimu akaandika. Na mimi nikalirithi, likanifikisha Temeke mbele ya wazee wa watu.

Nilitaka kucheka, nilitaka kulia. Siku nzima nimetafuta ukoo, kumbe ukoo wenyewe ni aibu ya mke mmoja mwenye adabu.

Giza lilipoanza kuingia, bibi akaokota ukili wake. Bila kuniangalia akasema, "Kamtazame Baba."

"Baba yupi?"

"Baba yako mdogo. Kitambulisho chake."

Nikakimbia mpaka kibandani kwa baba mdogo, anatengeneza pikipiki. Mtaani wanamuita Fundi, sisi Ba'mdogo, na bibi tangu tunakua humuita "Baba" tu, nasi tukidhani ni mapenzi ya mama kwa kitinda mimba. Akajipangusa grisi, akatoa pochi. Nikasoma kitambulisho cha taifa kwa mwanga wa simu. Jina la kwanza pale si Fundi. Amepewa jina la babu yake, na mama yake amelizunguka maisha yake yote. Aliponiona nimeganda, akaniuliza kama nina elfu tano ya mafuta. Nikampa kumi.

Jumapili iliyofuata nikarudi Temeke, nikalitaja mbele ya mzee, na la kaka yake nikasema bado natafuta. Mzee akafumba macho, akasema hamkumbuki mtu huyo, lakini sasa anajua anaongea na nani. Akavaa miwani, barua ikafunguliwa upya, wakataja mahari. Msomaji wangu, kwa kiasi kile nilitamani nibaki Boriti tu.

Najua unasubiri nikwambie jina. Sitaliandika. Bibi alijifunza kusoma kwenye kisomo cha watu wazima miaka ya sabini, na gazeti hili nampelekea kila mwezi. Huwa anasoma kwa sauti, neno kwa neno, kidole juu ya mstari.