Kabla hujauliza huyo mtoto ni wa kabila gani

Umeona hii mara ngapi? Mtoto wa jirani pale plotini anajibwaga chini, analia hadi sauti inakauka, na kabla hajanyamaza mtu ashauliza, "Kwani babake ni wa wapi?" Akiambiwa ni Mkisii, kesi imeisha. Si hao huzaliwa na hasira? Halafu kama ni mvulana anaongezewa: nyamaza, wanaume hawalii.

Ni kweli watoto huzaliwa na hulka tofauti. Alexander Thomas na Stella Chess walianza kuwafuatilia watoto jijini New York mwaka wa 1956, wakaona kuna mpole, kuna msumbufu, na kuna yule anayechukua muda kuzoea watu. Lakini hao wote unaweza kuwapata kwa mama mmoja, kitanda kimoja. Sasa hapo kabila ni la yupi?

Hapa kwetu Kenya, Marten deVries aliwachunguza watoto wachanga wa Kikuyu, Kidigo na Kimaasai. Tofauti aliziona, ila hakuzitafuta kwenye damu pekee. Aliangalia pia malezi na maisha ya kila siku ya nyumba hizo. Kisha ukame wa miaka ya 1970 ukawabana Wamaasai. Aliporudi kuwatafuta watoto wachache aliokuwa amewapima, wapole ndio wengi walikuwa wamefariki. Wasumbufu karibu wote walikuwa hai. Maelezo yake moja ni rahisi: anayelia sana hunyonyeshwa sana. (Kundi lilikuwa dogo, usikimbie kumfunza mtoto wako kelele.) Kilio kile kile ambacho hapa mtaani tunakiita tabia mbaya, kule kilileta maziwa.

Na hii ya wavulana na wasichana? Uchambuzi mkubwa wa tafiti uliotolewa mwaka wa 2006 ulionyesha wasichana wanawazidi wavulana katika kujizuia, nao wavulana wanachangamka zaidi. Kwa hasira na huzuni kwa jumla, tofauti ilikuwa ndogo mno. Kumbe kijana anaumia sawa na dadake, ni vile tu yeye anafunzwa mapema kuficha.

Wewe ndiwe anti, anko, ama mzazi mpya hapo. Mtoto akizua, uliza kwanza kama amekula, kama amelala, nani amemtisha. Na yule wa miaka saba aliyefokewa jana asilie mbele ya watu, mtafute leo mkiwa wawili umuulize ni nini kilimliza.