Tusingoje Kuhesabu Maiti



Kuna swali moja ambalo kwa miaka mingi lilitumiwa kuwafunga Wakenya vinywa: "Wewe linakuhusu nini?" Mwaka 1989 Profesa Wangari Maathai alikwenda Mahakama Kuu kupinga jengo la orofa 60 lililokusudiwa kujengwa katika bustani ya Uhuru Park, Nairobi. Kesi yake ilitupwa. Aliambiwa kwamba hakuonyesha madhara yoyote yaliyompata yeye binafsi, na kwamba mwenye mamlaka ya kuitetea mali ya umma mahakamani ni Mwanasheria Mkuu. Naye Mwanasheria Mkuu alikuwa mtumishi wa serikali ile ile iliyokuwa ikiigawa bustani. Zizi lilikuwa limekabidhiwa fisi, na kondoo wakaambiwa wapeleke malalamiko yao kwake.

Jengo lile halikusimama. Kilichoangusha mpango huo hakikuwa hukumu ya jaji bali ukaidi wa wananchi: barua zisizokoma, akina mama wa Green Belt Movement waliokataa kutishwa, na kelele zilizowafikia wakopeshaji wa ng'ambo hadi wakaiondoa mikono yao. Mapema mwaka 1992 ua uliokuwa umezunguka mahali pale ulibomolewa.

Tukumbuke jambo hilo tunapoisoma Katiba ya 2010. Kifungu cha 42 kinampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya. Kifungu cha 70 kinamruhusu kwenda mahakamani haki hiyo inapovunjwa au inapotishiwa kuvunjwa, bila kulazimika kuthibitisha kwamba yeye au mtu mwingine amepata hasara. Swali lililomfukuza Maathai mahakamani limefutwa katika sheria ya nchi. Halikufutwa kwa hisani ya watawala. Lilifutwa na watu waliopigwa marungu, na akina mama wa wafungwa wa kisiasa walioondolewa kwa nguvu Uhuru Park mwezi Machi 1992 wakapata hifadhi katika kanisa la All Saints. Lilifutwa pia na viongozi wa dini kama Askofu Ndingi Mwana a'Nzeki, ambaye akiwa hapa Nakuru alikataa kunyamaza wakati nyumba za waumini wake zilipokuwa zikichomwa katika mapigano ya ukabila.

Sasa tuulizane kwa uwazi: haki iliyonunuliwa kwa bei hiyo, sisi wa Bonde la Ufa tumeitumiaje?

Tutazame msitu wa Mau. Mwezi Februari 2001 serikali ilitangaza nia yake ya kukata takriban hekta 67,000 za misitu ya nchi. Wananchi walipinga. Mwezi Oktoba mwaka huo huo, kana kwamba hakuna aliyesema neno, zaidi ya hekta 35,000 ziliondolewa katika Mau ya Mashariki peke yake. Huko ndiko unakotoka mto Njoro unaolisha Ziwa Nakuru. Ilisemwa kwamba ardhi hiyo ni ya maskwota. Ripoti ya Tume ya Ndung'u ya mwaka 2004 ilionyesha jinsi mali ya umma ilivyokuwa ikigawiwa kama zawadi za kisiasa, na jina la maskini likitumiwa kufunika mikono ya wakubwa.

Waogiek, wenyeji wa msitu huo, hawakuchoka. Kesi waliyoifungua Nairobi mwaka 1997 ilipata hukumu mwaka 2014. Mwezi Mei 2017, Mahakama ya Afrika iliyoko Arusha iliamua kwamba serikali ya Kenya ilivunja haki zao, na mwezi Juni 2022 ikaamuru walipwe shilingi milioni 157.85 na ardhi ya mababu zao itambuliwe. Lakini mwezi Novemba 2023 nyumba za Waogiek zilibomolewa tena, safari hii katika Maasai Mau. Jamii ndogo inaishinda serikali mahakamani, kisha inafukuzwa kana kwamba imeshindwa! Kilio chao ni cha Waogiek peke yao?

Tutazame Solai. Usiku wa tarehe 9 Mei 2018, bwawa lililokuwa katika shamba la mtu binafsi lilipasuka, na maji yakawakumba wanakijiji waliokuwa mabondeni. Watu wasiopungua 47 walikufa, wakiwemo watoto. Baada ya maafa hayo ndipo maofisa walipotangaza kwamba bwawa hilo halikuwa na kibali. Watu tisa walishtakiwa, wakakana mashtaka. Mwezi Februari 2020 hakimu wa Naivasha aliwaachilia upande wa mashtaka uliposhindwa kuendelea na kesi, na ikabidi Mahakama Kuu iutengue uamuzi huo. Hatutaki kumhukumu mtu ambaye mahakama haijamhukumu. Tunauliza hili: sheria ya mazingira ya 1999 ilikuwa na umri wa miaka 19. Bwawa si sindano, lilionekana. Wakaguzi walikuwa wapi?

Sheria ilikuwapo. Kilichokosekana ni mtu wa kuigonga meza ya ofisa kabla ya mvua. Swali ambalo mahakama haziulizi tena limehamia vinywani mwetu. Mkulima wa Molo huambiwa ya Waogiek hayamhusu. Mfanyakazi wa mjini Nakuru huambiwa ya Solai ni ya watu wa mashambani. Mwezi Aprili 2024, maji yalipovunja kizuizi chini ya reli huko Mai Mahiu na kuua makumi ya watu usiku, tulilia, tukachanga, tukarudi makwetu.

Tuseme na makanisani. Wapo wachungaji wanaohubiri kwamba mambo ya ardhi na maji ni siasa, kisha Jumapili ya harambee wanampa kiti cha mbele mtu ambaye kila mshirika anajua shamba lake lilitoka wapi. Wasome tena habari za Nabothi. Yeye naye aliporwa kwa barua zenye muhuri na mashahidi wa kununuliwa, wala nabii Eliya hakumwambia Ahabu kwamba shamba la mizabibu ni siasa.

Kazi iliyo mbele yetu haihitaji semina za hotelini wala posho. Kila parokia na kila kijiji kilicho chini ya bwawa, kando ya mto au ukingoni mwa msitu kiwe na kamati ya watu watano. Waandike orodha ya mabwawa, machimbo na mashamba mapya yaliyopasuliwa msituni. Wamwandikie ofisa anayehusika kumwomba nakala ya kibali. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inamtaka ajibu ndani ya siku 21. Asipojibu, au kibali kikikosekana, waende mahakamani. Kifungu cha 22 cha Katiba kinasema hakuna ada ya kufungua kesi ya kutetea haki za kimsingi, na kwamba mahakama ikibidi itapokea hata maandishi yasiyo na umbo la kisheria. Mawakili wenzangu nao waache kungoja wateja wenye magari. Kila mmoja wetu achukue kijiji kimoja.

Watatuita wachochezi. Maathai aliitwa hivyo, na mabaya zaidi ya hayo, na bustani ingalipo.

Usipoziba ufa utajenga ukuta, walisema wahenga. Wazazi wa Solai hawana ukuta wa kujenga, wana makaburi. Msimu wa masika hauchelewi. Barua ya kwanza iandikwe wiki hii.