Ngoja Amalize

Mwezi huu naanza kwa kukiri kosa. Mume wangu ana kigugumizi, na toka enzi za uchumba nilikuwa namalizia sentensi zake, nikijua ndiyo mapenzi yenyewe. Jioni moja akaanza, "Nataka ku... ku..." Nikadakia, "Kuoga? Maji yapo tayari." Akanyamaza, akaenda kuoga. Wiki mbili baadaye ndipo nikajua alitaka kuniambia anaacha kazi. Na alikuwa ameshaacha.

Aliyenifumbua macho ni Alvin Lucier, Mmarekani aliyezaliwa 1931 na kufariki 2021. Jamaa alikuwa mtunzi wa muziki wa majaribio, na alifundisha muziki Chuo Kikuu cha Wesleyan kwa miaka mingi hadi 2011. Naye alikuwa na kigugumizi. Mwaka 1969 alikaa chumbani, akajirekodi akieleza anachotaka kufanya, kigugumizi kikiwemo. Kisha akaupiga ule mkanda humohumo chumbani na kuurekodi upya. Akapiga nakala, akarekodi tena, na tena. Kila chumba kina sauti inazozikuza na inazozififisha, kwa hiyo kila mzunguko maneno yalizidi kuyeyuka, mpaka ikabaki milio mitupu, mirefu, mitamu ajabu. Kazi hiyo inaitwa "I Am Sitting in a Room".

Mkewe wa wakati huo, Mary, alikuwa msanii wa picha. Yeye alichukua picha moja ya Polaroid, akapiga picha ya picha, kisha picha ya hiyo nayo, mpaka sura ya mwanzo ikapotea. Mwaka 1970 kazi zao zilionyeshwa pamoja.

Unajua kilichonigusa? Mary hakujaribu kumsemea mumewe. Alimsindikiza. Mimi miaka yote nilidhani nasaidia, kumbe nilikuwa namfundisha mwenzangu kunyamaza.

Basi, juzi tukiwa mezani akaanza tena, "Na... na..." Neno lilinifika ulimini. Nikachukua kikombe cha chai, nikanywa taratibu, macho kwake. Ilichukua muda, lakini akafika mwisho, na halikuwa lile neno nililokuwa nimemwandalia. Alichosema kinabaki kwetu.

Na wewe je, mara ya mwisho kumwacha mwenzi wako amalize ilikuwa lini? Tukutane mwezi ujao.