Deni la Miaka 40 Angani, na Dadu Mbili za Ludo

Ukimsikia mzee wa ng'ambo akiukumbuka mchezo wa Traveller hadi sauti inamkwama, usimcheke mapema. Ulitoka Marekani mwaka wa 1977. Aliyeubuni ni Marc Miller, chini ya kampuni ndogo ya Game Designers' Workshop. Ndani ya boksi mlikuwa na vijitabu vitatu vyeusi, basi. Skrini hakuna. Mnaketi mezani, mmoja wenu anakuwa refa na kuwasimulia mko sayari gani na mbele kuna nini. Kila mchezaji anasema mhusika wake atafanya nini. Penye shaka, mnarusha dadu mbili.

Yaani kalongolongo ya watu wazima, ila jikoni pamegeuka chombo cha angani.

Cheki mhusika anavyotengenezwa. Ana miaka 18, anaomba kazi ya jeshi, biashara au uskauti. Dadu zikimkataa, anachukuliwa kwa lazima popote zitakapomtupa. Kila kipindi cha miaka minne kina hatari yake, na kwa sheria zile za kwanza angeweza kufa kabla mchezo wenyewe haujaanza! Wewe uliyemaliza Kidato cha Nne ukasambaza barua za kazi kutoka Machakos mjini hadi Athi River, sheria hiyo unaijua tayari.

Halafu kuna deni. Ukitaka chombo, unatoa asilimia 20 ya bei, kisha unalipa kila mwezi kwa miaka 40. Miezi 480. Kwa hivyo hawa mashujaa wa angani aghalabu hawaokoi ulimwengu. Wanasaka mizigo na abiria wasije wakanyang'anywa chombo. Muulize kijana yeyote wa bodaboda ya mkopo pale steji. Hata habari husafirishwa na vyombo hivyo hivyo, wiki nzima kutoka nyota moja hadi nyingine, kama bahasha uliyomkabidhi makanga.

Kampuni ile ilifungwa mwaka wa 1996, lakini mchezo bado unachapishwa. Kwa hivyo hao wazee hawalilii vitabu. Wanalilia jioni ya marafiki wanne au watano, meza moja, na hadithi ambayo hakuna aliyejua itaishia wapi.

Jioni hizo sisi tunazo, ila tunazimaliza na kale kandege ka kamari, kila mtu kichwa chini na bando lake. Kamari nayo ni bahati, sawa. Lakini huko ukipoteza, nauli ya kesho imeenda, na hadithi ya kusimulia huna.

Usituambie anga ni mambo ya Wazungu. Setilaiti ya Uhuru, ya kwanza kutumwa mahususi kuchunguza miale ya eksirei kutoka angani, ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, tarehe 12 Desemba 1970. Ndiyo maana ikaitwa Uhuru. Wanuri Kahiu alitoa filamu ya Pumzi mwaka wa 2009. Setilaiti ya Taifa-1 ilipaa Aprili 2023. Na Konza, jiji la teknolojia ambalo Rais Kibaki alizindua ujenzi wake mwaka wa 2013, ni jirani yetu. Ongeza Kituluni, ambako maji huonekana yakipanda mlima, na hata refa mvivu ana pa kuanzia.

Ombi letu ni kwa vyama vya drama shuleni, vijana wa kanisani na wenye kumbi mtaani: toeni chumba kimoja Jumamosi alasiri. Gharama ni dadu mbili za ludo, daftari na penseli. Msingoje boksi kutoka ng'ambo. Sheria mnaweza kuandika wenyewe, kwa Kiswahili, Kikamba au Sheng.

Mkikosa pa kuanzia, chukueni hii. Mko Konza, mwaka ni 2090. Deni la mwezi huu halijalipwa, na abiria pekee mliyempata amekataa kusema kilicho ndani ya begi lake. Mnamchukua?