Msimu wa tamthilia Clairwood usiwasahau Wazanzibari

Vikundi vya maigizo vya mitaani hupanga msimu kwa kuangalia kitakachojaza ukumbi: kichekesho, mchezo wa nyimbo wa Marekani, basi. Hatuna ugomvi navyo. Lakini anayepanga msimu Clairwood, kusini ya Durban, kisa anacho mlangoni.

Jirani hapo, Kings Rest kwenye kilima cha Bluff, waliishi watu wanaoitwa Wazanzibari. Wengi mababu zao walikuwa Wamakua wa Msumbiji, waliotolewa kwenye majahazi ya watumwa na manowari za Waingereza, wakashushwa Durban kuanzia 1873. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 serikali ya ubaguzi ikawahamishia Chatsworth, mtaa wa Wahindi, na kuwaandika "Waasia wengine". Waafrika, jamani, wamefanywa Waasia kwa karatasi!

Ronnie Govender aliupandisha jukwaani mtaa wake wa Cato Manor uliovunjwa, katika tamthilia ya At the Edge. Kings Rest nayo inastahiki.

Na ikichezwa, sisi wa Maskati na Dubai tuende na watoto wetu tukae mpaka mwisho. Yale majahazi, mengine yalikuwa ya watu wa kwetu.